Nibu, Samli na Ubao wa Kantini

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Tangazo limebandikwa kantini. Hatimaye! Mgodi umegundua kwamba wachimbaji hawasomi matangazo. Ajabu gani. Basi kila mwezi itachorwa hadithi ya picha, miraba minne, kwa wino mweusi, ibandikwe ubaoni. Atakayeshinda uchoraji huo atapewa meza, kiti chenye mgongo na chumba chenye dirisha. Dirisha! Mimi Valerian, karani msaidizi wa stoo, dirisha langu ni tundu la kupitishia misumari.

Mwamuzi ni Karani Mkuu, Bwana Donatus. Hadithi ya kwanza ameitunga mwenyewe: mchimbaji anashuka shimoni bila kofia ya chuma, jiwe linamwangukia. Basi, imekwisha. Inasisimua kweli. Picha ziwe mezani kwake Jumamosi saa sita mchana, na ya mshindi itabandikwa jioni hiyohiyo.

Tumejitokeza wawili. Mimi, na Ignas wa ofisi ya mishahara, Mzinza wa Chato. Kijana mpole, msafi, anapiga pasi hata soksi. Simpendi.

Lakini mimi nina silaha. Pantaleo, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa askari vitani Burma, na huko aliokota kitabu katika kambi ya Wajapani waliokimbia. Picha tupu tangu mwanzo hadi mwisho! Watu wana macho makubwa kama visahani. Mtu akikimbia, mistari inamfuata nyuma. Akikasirika, moshi unamtoka kichwani. Na mstari mmoja unaanza mwembamba, unanenepa, unakonda tena. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile, nasema kweli. Kila nikikifungua moyo unanidunda. Hadithi yenyewe tu ndiyo ya kipumbavu: inaanza na harusi, halafu wanapigana, halafu bwana harusi na bibi harusi hawajuani. Ignas alipokiona alisema huenda Wajapani huanza kusoma upande wa pili. Huyo ndiye wa kushindana nami! Mtu wa kufungua kitabu kwa nyuma.

Jioni nimemkuta Makoye, dereva wa lori, anaelekea Shinyanga. Nimemwomba apite Didia amwambie mama kwamba mwanawe ndiye Mchoraji wa Mgodi. Najua, bado. Lakini furaha ya mzazi haifai kucheleweshwa kwa ajili ya vitu vidogo.

Jumanne, 4 Agosti

Nimenunua nibu tatu, ncha za kalamu. Mstari wa Kijapani hautoki kwa penseli, wala kwa kalamu ya mfukoni ya mabwana. Unataka nibu ya kuchovya. Nimezijaribu moja moja kwa haki kabisa.

Nibu ya shule. Ngumu. Ukiikandamiza haijali, ukiibembeleza haijali. Mistari yote unene mmoja. Inafaa kuandikia idadi ya misumari, kazi ambayo naiaga.

Nibu ya ramani, ile wanayotumia wapima ardhi. Nyembamba kama mwiba wa samaki. Nywele na kope inachora vizuri, nakiri. Lakini ukiisukuma kwenda juu inakwama kwenye karatasi, kisha inaachia ghafla na kurusha wino. Imerushia shati la Pantaleo. Amesema maneno ya jeshini.

Nibu yenye herufi G. Pana, inang'aa, inapanua miguu ukiikandamiza na kuifumba ukiiachia. Hii ndiyo! G ni ya Geita yetu, bila shaka. Vizuri kuona huko Ulaya wanatukumbuka. Nikachovya kwa heshima. Wino ukajikusanya vitone vitone, ukateleza, ukaanguka wote katikati ya karatasi. Nikachovya tena. Ukaanguka tena. Nibu mpya, imetoka kwenye kikasha chake, haishiki wino!

Kuna mkono wa mtu hapa.

Jumatano, 5 Agosti

Nimempitia Ignas ofisini. Si upelelezi, ni kumjulia hali tu. Ana nibu ya G ileile, ya duka lilelile. Yake inashika wino! Akachora mstari mbele yangu: mwembamba, mnene, mwembamba. Uleule wa kitabuni. Nilitaka kulia.

Nikamuuliza kwa utani yake ameifanyia nini. Akanieleza bila hata kushusha sauti. Eti nibu mpya hupakwa mafuta kiwandani zisipate kutu, na wino haukai juu ya mafuta. Eti niipitishe kidogo tu kwenye moto wa kibiriti, au niisugue kwa sabuni, itashika wino. Akanipa na kipande cha sabuni juu yake. "Chukua tu, ndugu yangu, mimi ninayo nyingine."

Nimerudi, nimekaa kitandani, nimefikiri. Tunagombea dirisha moja. Mtu gani mwenye akili timamu atampa mpinzani wake siri ya kweli, na sabuni juu? Hayupo. Kwa hiyo aliyoyasema ni uongo. Na kama ni uongo, ukweli ni kinyume chake. Nibu haitaki sabuni. Nibu inataka mafuta zaidi!

Pantaleo amesikiliza hoja yangu hadi mwisho, akajifunika blanketi.

Sabuni nimefulia soksi.

Alhamisi, 6 Agosti

Balaa. Utingo wa lori lililotoka Shinyanga amenifikishia salamu: mama anakuja Jumamosi! Anakuja kuona kazi ya mwanawe ubaoni. Ameshawaambia wote kanisani Didia. Anakuja na kuku.

Nilikaa stoo asubuhi nzima nikihesabu misumari ileile. Mama aliuza mtama wake nikasoma. Tangu niajiriwe ameniuliza kila likizo kazi yangu ni ipi hasa, na kila likizo nimemjibu kwamba ni kazi ya ofisini. Hajui habari za misumari. Nikishindwa, Jumamosi atazijua mbele ya kantini nzima.

Hofu huleta akili. Saa ya chakula cha mchana Ignas alikwenda kunawa mikono, kama kawaida yake, kwa muda mrefu na kwa makini. Nikaingia ofisini kwake. Nikachomoa nibu yake kwenye mpini, nikachomeka yangu. Zinafanana kama mapacha. Wizi? Hapana. Nibu moja kwa nibu moja, ni kubadilishana.

Jioni nimechora mraba wa kwanza. Wino unatii! Mchimbaji wangu ana macho ya Kijapani, kope, mistari ya mwendo. Wa pili, wa tatu, yote safi. Pantaleo ametazama akasema huyu mtu anaonekana hai. Pantaleo! Mtu ambaye hajawahi kusifu hata mvua.

Na Ignas kule anapambana na vitone. Maskini.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeamka na wasiwasi. Umebaki mraba mmoja, ule wa jiwe. Lakini je, kama Bwana Donatus haoni vizuri? Kama anapenda soksi zilizopigwa pasi? Uzuri peke yake hautoshi. Ninahitaji picha ambayo watu watakuja kuiona wenyewe, wasukumane, hata Karani Mkuu akitaka kukataa aone haya.

Na nani anayejua kuvuta watu kuliko Jilala? Jilala ndiye manju wetu, kiongozi wa ngoma ya Bagika hapa kambini. Kila Jumapili baada ya mavuno Bagika na wapinzani wao Bagalu hucheza uwanja mmoja, saa moja, na wenye watazamaji wengi ndio washindi. Jumapili iliyopita Bagalu walibaki na mbwa wawili. Yote hiyo ni samba, dawa ya manju ya kuvuta watu.

Nikamwendea, shikamoo nyingi. Nikamweleza haja yangu. Manju akakunja uso. Akasema samba hupakwa wachezaji, tena huenda na wimbo mzuri, na kwamba watazamaji wake wanakuja zaidi kwa sababu Bagalu hawajui kuimba. Chuma hajawahi kukipaka na haoni sababu. Unyenyekevu huo wa wataalamu! Nikambembeleza hadi akachoka. Akanipa kidogo kwenye jani. Nikauliza imechanganywa na nini. Samli, akasema.

Samli! Mafuta! Mambo yote yakaingia mahali pake. Sikuwa nimekosea tangu Jumatano.

Nimeipaka nibu nzuri ya Ignas, mbele na nyuma, na katika ufa wake, kwa ukarimu. Nikachovya. Nikaanza jiwe.

Siwezi kuandika yote. Tone la kwanza liliangukia jiwe, nikasema si kitu, jiwe ni jeusi. La pili likaangukia uso wa mchimbaji. Nikalifuta kwa mkono wa shati. Mkono wa shati ulikuwa na samli. Wino ukatembea na samli ukavuka mstari, ukaingia mraba wa tatu, ukaingia wa pili. Macho ya Kijapani yakazama yote. Karatasi nyingine sina.

Ninasikia uchungu hata kuandika. Mraba wa kwanza ulikuwa mzuri mno.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimepeleka hivyohivyo. Bwana Donatus aliigeuza karatasi juu chini, akauliza mchimbaji yuko wapi. Nikamwambia yuko shimoni, kuna giza. Akauliza mbona karatasi inanuka maziwa. Nikamwambia ni karatasi ya kienyeji. Akaiweka pembeni, akasema asante, nirudi stoo.

Ya Ignas ikabandikwa.

Nimeiona. Ameweka macho makubwa! Na mistari ya mwendo! Aliona kitabu changu mara moja tu! Lakini si hilo lililonimaliza. Mchimbaji mpumbavu aliyesahau kofia, mwenye pengo la meno ya mbele na masikio yaliyosimama, ni mimi. Mimi kabisa! Mraba wa kwanza natembea nikijisifu. Wa pili natazama huku, jiwe linatoka kule. Wa tatu macho yamenitoka. Wa nne nina nundu kichwani na nyota zinanizunguka. Kantini yote ilisimama pale ikicheka, Bagika na Bagalu pamoja, wanasukumana. Mpishi aliacha sufuria.

Na hapo ndipo lori likaingia.

Mama akashuka na kuku wake kwapani. Wachimbaji wakampisha. "Mwadila mayu," wakamwamkia kwa Kisukuma, naye akaitikia huku macho yake yako ubaoni. Hajui kusoma, lakini uso wa mwanawe anaujua. Akausogelea. Akaugusa kwa kidole, pengo, masikio. Kisha akageuka akawaambia watu wote, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, kwamba huyu ni wake, amemzaa yeye. "Wamembandika ukutani! Mnamwona?"

Wakamwambia wanamwona.

Nilitaka kumwambia ukweli. Naapa. Lakini uso wake uling'aa namna ambayo sijapata kuuona tangu baba alipokuwa hai.

Akauliza ni nani aliyechora vizuri hivi. Nikajua nimekwisha. Ignas akajitokeza ameinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mama, tumefanya mimi na Valerian, bila uso wake picha isingekuwapo." Mnafiki mkubwa. Mama akamwitikia marahaba, akambariki, akampa kuku.

Kuku wangu!

Jumapili, 9 Agosti

Mama ameondoka na lori la asubuhi. Ameondoka akiimba. Mguu mmoja ukiwa tayari juu ya lori aliniita karibu, akanipapasa kichwa pale penye nundu ya kwenye picha, akaniambia siku nyingine nivae kofia.

Nimemwambia nitavaa. Stoo hakuna mawe, lakini nimemwambia nitavaa.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimelala nikafikiri, na sasa nimeelewa kila kitu. Watu walikuja au hawakuja? Walikuja! Walisukumana au hawakusukumana? Mpishi aliacha sufuria! Na walikuja kumtazama nani? Mimi. Samba imefanya kazi. Kosa langu ni kwamba niliipaka kidogo. Mwezi ujao nitaipaka nibu, karatasi, na wino wenyewe. Jilala nimemwagiza kopo zima. Ameshika kichwa. Nadhani ni furaha.

Nimejaribu pia kile kitabu kwa upande wa pili, nisije nikaambiwa sisikilizi watu. Kurasa chache tu. Watu wawili wasiojuana wanagombana njiani. Nani aanze hadithi hivyo? Nimekifunga.

Mchana Ignas amekuja stoo, ameinama kwenye tundu langu la misumari. Ameomba radhi kwa habari ya uso wangu. Alisema ndio uso pekee hapa mgodini unaoonyesha kila kinachopita ndani yake. Akasema Alhamisi alikuta nibu yake imerudi kuwa na mafuta, hajui kwa nini, akaipitisha kwenye kibiriti ikapona. Kisha akasema meza aliyopewa ni kubwa na dirisha ni pana, ameshazungumza na Bwana Donatus, na akakubaliwa kuwa na mwenzake wa kuchora nyuso. Amenitaka mimi. Nianze kesho.

Nimemtazama. Ametabasamu. Ameniwekea na kipande kingine cha sabuni.

Mtu gani mwenye akili timamu hugawa dirisha? Hayupo. Nimekataa palepale, kwa adabu, na kumpimia misumari aliyotumwa.

Sabuni nimeichukua. Soksi zilikuwa chafu tena.