Nirudishieni Mbishi Wangu

Kwa Mkuu,
Ofisi ya Wanafunzi wa Kubadilishana.

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na umeketi. Kama umesimama, tafadhali keti, maana nina malalamiko manne na sikusudii kuyafupisha.

Ofisi yako ilimchukua binti yangu, kifungua mimba wangu, ikampeleka kusoma ng'ambo kwa mwaka mmoja. Nami nikaletewa kijana kutoka chuo cha huko. Yeye analala katika chumba cha binti yangu, na binti yangu analala katika chumba cha kijana huyo, nyumbani kwa mama wa kijana. Nilikubali kwa sababu mliita jambo hili kubadilishana, nami naheshimu maana ya maneno. Anayebadilishana hutoa kitu akapewa kinachofanana nacho. Mimi nilitoa mbishi. Nimepewa nini?

1. Nimepewa mtu wa kukubali. Kwetu chakula cha jioni hakijaisha mpaka mtu apingwe. Ndivyo tulivyoishi tangu binti yangu alipojua kusema "hapana", neno alilolijua kabla ya "baba". Nikisema mvua ni nzuri, yeye huuliza nzuri kwa nani, na mama yake hupakua tena kwa sababu anajua hatuondoki mezani leo. Kijana wenu alipofika nilimkaribisha kwa heshima zote: nilimwambia kwamba vyuo vikuu vikifungwa, watu wataelimika zaidi. Akaweka kijiko chini, akainamisha kichwa, akasema, "Kweli kabisa, baba." Nikadhani ni uchovu wa safari. Kesho yake nikamwambia vyuo vikuu vipokee hata watoto wachanga. "Kweli kabisa, baba." Sasa mtaa mzima unamwita Kweli Kabisa, naye anaitika.

2. Amevunja baraza letu. Kinyozi mwenye duka chini ya jengo letu ni mtu niliyeanza kubishana naye nikiwa bado na nywele. Juzi alidai kwamba redio imewafanya watu wawe wavivu wa kufikiri. Nikampinga, nikamgeukia kijana anishuhudie. "Kweli kabisa, baba." Kinyozi akauliza, "Na mimi je?" "Kweli kabisa, mzee wangu." Kinyozi alizima mashine, kichwa cha mteja kikabaki nusu. "Bwana mkubwa," akaniambia, "huyu usinijie naye tena. Tangu aanze kuingia humu, mtu akishanyolewa anaondoka!"

3. Angekubali kwa mdomo tu ningevumilia. Lakini huyu hutekeleza. Nilisema, kwa kumchokoza, kwamba viti ni adui wa fikra. Asubuhi viti vyote vilikuwa nje kwenye ngazi, na wageni wa mke wangu, waliokuja na nguo zao za harusi, walikaa sakafuni. Nikaona labda sijamchokoza vya kutosha. Nikasema ukuta unaotenganisha jiko na sebule ni udikteta mtupu. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameshika nyundo, amejaa vumbi mpaka kope, anatabasamu. Sasa nakula huku nikitazamana na masufuria. Mwenye nyumba amesema tutazungumza. Mke wangu amesema zaidi ya hapo: "Mume wangu, chunga unayoyasema. Siku hizi kuna mtu anakusikiliza."

4. Mimi huandika makala za gazeti. Kila makala binti yangu huisoma kwanza, na hunirudishia ikiwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Safari hii nilimpa Kweli Kabisa. Unajua alichosema. Makala ikachapishwa, nusu ukurasa, ikithibitisha kwa hoja nzito kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuishi ghorofani. Ndugu Mkuu, mimi naishi ghorofa ya tatu. Majirani wamenipongeza kwenye ngazi, mmoja mmoja.

5. Nilisema manne, lakini la tano ndilo linalouma. Binti yangu ameniandikia kwamba amewaomba mumwongezee mwaka mwingine. Sababu yake ni hii: "Baba, mama wa huku ni mbishi kuliko wewe. Jana amenishinda." Amenishinda! Nimemlea miaka ishirini na hajawahi kunipa neno hilo. Isitoshe, kuna hoja hatujaimaliza. Pale uwanja wa ndege nilimwambia kuagana ni upuuzi, mtu anayerudi haagwi. Akasema anayerudi ndiye hasa wa kuagwa. Nilikuwa bado natafuta jibu, mlango ukafungwa. Nilirudi nyumbani sijamuaga na sijamjibu.

Kwa hiyo naomba, kwanza, ombi lake likataliwe. Pili, kijana arudishwe kwao na nyundo yake. Tatu, hayo yakishindikana, nipelekeni mimi mwenyewe kama mwanafunzi wa kubadilishana, nikakutane na huyo mama ana kwa ana. Nina miaka hamsini na miwili, na soksi nzito ninazo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata karani wa mapokezi aliyeniambia "tutaona", kwa kuwa yeye angalau hakunikubalia. Mke wangu anawasalimu. Kinyozi hawasalimu.

Ni mimi, mpole mbele yako na mkali kwingineko kote,
Baba wa binti mliyemchukua.

Tanbihi: Nilimpa Kweli Kabisa barua hii aende kuiposti. Akaomba ruhusa aisome. Aliisoma amesimama pale palipokuwa na ukuta, kisha akasema, "Samahani, baba. Barua hii haina mashiko." Nikatafuta kiti. Akaendelea: "Unalalamika kwamba mimi nakubali kila kitu, halafu unataka dada alazimishwe kukubali. Na ukuta sikuubomoa mimi, umebomolewa na hoja zako." Nikamuuliza alikuwa amejificha wapi miezi yote hii. Akasema kwao, kwa mama yake, hawaondoki mezani mpaka mmoja alie. Ila ofisi yako, Ndugu Mkuu, iliwafundisha wanafunzi kabla ya safari kwamba mwenyeji hapingwi. Nikamwambia mafunzo hayo ni ya kipuuzi. Akasema si ya kipuuzi hata kidogo, akayatetea! Mke wangu amepakua mara tatu.

Basi futeni maombi yote matatu. Kijana msimguse. Binti yangu mwongezeeni mwaka wake, na mumfikishie ujumbe huu: kwa habari ya ile hoja ya uwanja wa ndege, amenishinda. Mwambieni leo hii, kabla sijapata jibu.