Floraidi Itoke: Hotuba ya Kufungua Mtambo wa Maji, Kitengela

(Imetolewa na Injinia Musau, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kuondoa Floraidi, Machi 2004, mara tu baada ya Mkuu wa Wilaya, DC, kufungua mfereji.)

Mheshimiwa DC, msaidizi wake, msaidizi wa msaidizi wake, ambaye amenipigia simu kwamba yuko karibu kufika tangu saa tatu, machifu na manaibu wao, maafisa wa maji, wa mifugo, wa afya, na yule afisa amesimama karibu na soda ambaye sijajua ni wa nini, lakini karibu, wachungaji, maimamu, wazee wetu wa Kimaasai, akina mama ambao mmekubali kuketi kwa jua ili sisi tupate kuketi kwa hema, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nawasalimu kwa Kimaasai: Sopa! (Umati: Epa.) Ai, hiyo Epa ni ya watu wamekula kweli? Sopa! (Umati: Epaaa!) Sasa hiyo imeingia.

Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo hata wajukuu wenu wataisoma shuleni. Miaka mitatu iliyopita nilisimama papa hapa nikaona meno ya watoto wetu, kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwa jiko, nikalia. Mwulizeni dereva wangu. Nikasema, mimi Musau, nikiwa hai, hii floraidi iliyo ndani ya maji ya kisima chetu cha borehole, ambayo inaharibu meno na kupinda mifupa ya watoto, itaondoka Kitengela! Nikisema floraidi, ninyi mseme itoke. Floraidi! (Umati: Itoke!) Floraidi! (Umati: Itoke!)

Sasa, kwa sababu serikali yenu haiwafichi kitu, nitawafafanulia tekinolojia hii kwa lugha nyepesi. Mfupa wa ng'ombe unachomwa mpaka uwe mweusi, unasagwa, unajazwa ndani ya tangi kama hili lililo nyuma yangu, halafu maji yanapitishwa polepole, na katika ile hali ya kupitishwa polepole, floraidi inaachana na maji, inashikamana na mfupa, jambo ambalo sisi mainjinia tunaliita mass transfer na adsorption, yaani kwa ufupi floraidi inahama, vile mtu akipata kazi nzuri anahama mabanda ya Kware anaenda kwa matajiri Laiser Hill, na akishafika huko harudi tena hata kusalimia. (Vicheko.) Mfupa ukishajaa, unatolewa, unawekwa mwingine. Ni hivyo tu. Lakini kufikia hiyo "ni hivyo tu" imebidi tufanye feasibility study, tukafanya study ya kuangalia ile study, tukaunda task force, na mimi mwenyewe nikaenda Uswisi siku ishirini na moja kwa benchmarking, nikanywa maji ya huko, asubuhi na jioni, kwa niaba yenu. (Makofi kutoka kwa hema.)

Naona kuna mama amesimama. Mama, hotuba haijaisha. Haya, sema, serikali ina masikio.

(Mama: Mimi naitwa Mukonyo. Huyu ni msichana wangu, Mbeke, ako miaka tisa. Wote mnaona vile miguu yake imepinda. Mkutano ule mwingine ulituambia tuchemshe maji tukingoja mtambo. Nimechemsha miaka miwili, Mheshimiwa, kila siku, na miguu inazidi. Mimi nauliza tu, haya ya leo tumekinga kwa kikombe ni masafi? Nimpatie?)

Mpigieni makofi huyu mama! Huyu ndiye mwananchi wa kuigwa, anayefuata maagizo. Mama Mbeke, endelea kuche… naam? Nani tena? Mwalimu Ruth wa sayansi.

(Mwalimu Ruth: Mheshimiwa, kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuitoi. Maji yanapanda na mvuke, floraidi inabaki kwa sufuria, ile ile yote, na maji yamepungua. Huyu mama amekuwa akimpa mtoto yaliyo makali zaidi. Nilikuandikia barua mara tatu.)

Madam, barua zako zilipokelewa, zikapigwa muhuri, na ziko kwa faili nzuri sana. Lakini hiyo ni opinion, na siku ya furaha kama hii hatutaki opinion, tunataka takwimu. Takwimu ni hizi: kamati yangu imetimiza malengo yake kwa asilimia mia moja na nne. Imekaa vikao sitini na viwili. Imeandika ripoti yenye kurasa mia tatu, ukiacha picha zangu. Mradi huu utaenea Kajiado nzima mpaka Rombo kule mpakani, na Watanzania watachungulia kwa wivu! Floraidi! (Umati: Itoke. Mukonyo bado amesimama.)

Mzee Haibe, hata wewe? Wewe ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu ninayemheshimu. Fupi tafadhali.

(Mzee Haibe: Fupi, Injinia. Mwaka mzima mimi na mke wangu Ruqia tumekaa pale kichinjio tukitenga mifupa. Ya mnyama aliyechinjwa kihalali upande huu, ile mingine upande ule, ya nguruwe mbali kabisa. Harufu yake we acha tu. Ulisema tutenge, ndio Waislamu na Wakristo wanywe mfereji mmoja. Lundo letu bado liko pale, nimeliona leo asubuhi, mbwa wamelilalia. Sasa ndani ya hili tangi mliweka mifupa gani? Sitakunywa kabla sijajua.)

Swali zuri sana, mzee wangu, na nisingependa mtu yeyote aende nyumbani na wasiwasi wa dini. Nakuhakikishia mbele ya DC, mbele ya imamu na mchungaji, naapa kabisa: ndani ya mtambo huu hakuna mfupa wa nguruwe hata mmoja. Hakuna mfupa wa kibudu. Hakuna mfupa wa ng'ombe, wa mbuzi, wala wa kuku. Hakuna mfupa wowote! Uko safi kabisa, hauna kitu! (DC anakohoa.)

Kwa hayo machache, naomba nitoe shukrani. Namshukuru fundi Githongo, aliyeujenga mtambo huu kwa siku nne tu, kwa plywood na rangi ya fedha, kazi safi mpaka mimi mwenyewe nilipofika nilitafuta pa kuwashia. Namshukuru Muteti wa mkokoteni, ambaye yuko huku nyuma na pipa na kipande cha mpira, ndiye alikuwa anamimina wakati DC anafungua mfereji. Muteti, toka sasa, utapikika huko. (Muteti anatoka, shati limelowa jasho. Hakuna anayepiga makofi.) Namshukuru mpiga picha, amepata zote tulizohitaji kwa ripoti. Nawashukuru ninyi kwa uvumilivu, maana mtambo wenyewe tutaanza kuufikiria mwaka ujao, Mungu akipenda.

Na Mama Mbeke, naona ulishapita pale mferejini na kikombe. Mama, mnyang'anye mtoto, hayo ni ya borehole ile ile.

(Mukonyo: Ameshamaliza, Mheshimiwa, pale uliposema mtambo uko safi. Alikuwa wa kwanza kwa laini.)

Wa kwanza? Basi mpigieni makofi, jamani! Mpiga picha, kuja hapa. Asanteni sana, Kitengela.