Ombi la Kuhamishwa Kutoka Kwa Akina Mama Wanaonitesa kwa Wema

Karakana ya Ushonaji,
Kaloleni, Kisumu.
Agosti 1987

Kwa Bwana Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Nicodemus Waliaula, yule fundi cherehani uliyemleta hapa mwaka jana, mwanamume pekee kati ya akina mama. Naomba unihamishie karakana ya Kisian, ambako mafundi wote ni wanaume na wananuniana kama inavyofaa kazini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siwezi kuugua. Nilipiga chafya tu, Rosa akanifunika kwa kanzu ya askofu tuliyokuwa tukiishona, naye Agneta akaninywesha uji mpaka tumbo likanizuia kufikia cherehani.

2. Siwezi kukosea. Nilimshonea mwalimu mkuu mmoja wa Katito suruali, mguu mmoja ukatoka mfupi. Nikajiandaa kufokewa. Mama Beldina, msimamizi wetu, akamwambia, "Mwalimu, hiyo ni ya baiskeli. Upande wa mnyororo lazima uwe mfupi." Mwalimu akaondoka akitabasamu. Sasa walimu wenzake wanataka za namna hiyo, nami sikumbuki nilikoseaje.

3. Siwezi kugombana na mke wangu. Nasipwondi huja hapa saa ya chai kunishtaki. Wanamsikiliza, wanampoza, wananitetea. Jioni nafika nyumbani na hasira zangu tayari, nakuta nimeshasamehewa na kuku yuko mezani. Kosa lenyewe siambiwi.

4. Juzi nilipanda juu ya kiti nikawatusi: "Nyinyi nyote ni watu wabaya!" Wakanipigia makofi. "Yawa, jamani, Nico siku hizi anaongea mbele ya watu!" Papo hapo wakanichagua niongoze kwaya yao. Sijui kuimba. Wanasema ninaimba vizuri.

Bwana, nitaharibika. Jana nilijikuta nikimsifu polisi kwa viatu vyake.

Nisalimie mama watoto, wote wa ofisini, na hasa yule karani asiyeitikia salamu. Natamani sana kufanya kazi naye.

Wako mtiifu,
Nicodemus Waliaula

Nyongeza: Akina mama wameiona barua hii. Hakuna aliyekasirika. Agneta amenisahihishia maneno, Rosa amesema ataongeza sahihi yake kuniunga mkono, na wote wanalia jinsi ninavyoandika vizuri. Mama Beldina ameshavaa viatu, ananisubiri nimalize aipeleke posta mwenyewe, nami naona haya kumnyima. Ikikufikia, Bwana, tafadhali ichane. Sitoki hapa.