Godoro la Safari

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Pancha karudishiwa kodi! Pancha, dereva mwenzangu, tunayemwita hivyo ingawa tairi lake halijawahi kutoboka hata mara moja. Kaja kazini na viatu vipya vinavyolia kwi kwi, kalizunguka kila lori uwanjani, hata yale yasiyomhusu. Eti dereva akijaza fomu ya gharama za kazi, ofisi ya kodi inamrudishia kiasi fulani. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, alidai nini. Akasema vitu vya kawaida tu: buti, glavu, chakula cha njiani.

Glavu! Mimi, miaka kumi na tisa barabarani, nidai glavu? Nitadai kitu kitakachomfanya avifiche hivyo viatu.

Jumanne, tarehe 4

Fomu ninayo. Kurasa nne, maandishi kama sisimizi. Ukurasa wa tatu nikakuta: vifaa vya kulalia safarini. Moyo ukaruka. Mama watoto alinunua godoro jipya mwezi uliopita, futi tano kwa sita, nene ajabu. Risiti imo kwenye droo ya vijiko. Mimi ni dereva. Mimi hulala. Nalalia godoro hilo hilo. Ubishi uko wapi?

Nimejaza kwa kalamu ya bluu. Glavu nimeziacha. Zingeishusha hadhi fomu.

Ijumaa, tarehe 14

Afisa wa kodi kapiga simu. Mwanamke, sauti changa na ya upole, ule upole wa daktari wa meno kabla hajaanza. Kaniita mzee wangu. Kauliza kama kweli godoro la tano kwa sita linaingia ndani ya kichwa cha lori. Nikasema linaingia bila wasiwasi. Akasema vizuri sana, basi nimtumie picha. Nikasema hata kesho!

Nikakata simu. Nikakaa chini.

Jumamosi, tarehe 15

Mama watoto kaenda kwa dada yake, kurudi jioni. Lori liko hapa nyumbani mpaka Jumatatu. Bahati gani hii!

Nikamwita shemeji, mdogo wake mama watoto, mtu mnene mwenye moyo mwepesi. Tukalikunja godoro mara mbili, tukalifunga kamba, yeye akavuta akiwa ndani, mimi nikasukuma kwa mgongo nikiwa nje. Likaingia! Likaingia lote! Ndipo kamba ikakatika.

Godoro likafunguka kwa hasira. Likajaza kila mahali. Shemeji akapotea, ukabaki mkono mmoja dirishani, na tumbo lake likaikandamiza honi. Honi ikalia. Ikaendelea kulia. Majirani wakatoka, mmoja na mswaki mdomoni. Nikapiga picha haraka, maana kazi ni kazi, nikaituma. Ndipo nikamtoa shemeji, kupitia dirisha la pili, nikimvuta miguu.

Mama watoto kafika wakati huo huo. Kalitazama lori. Kanitazama mimi.

“Lile si godoro langu?”

Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa ukurasa wa tatu, lile ni kifaa cha kulalia safarini.

“Haya,” akasema. “Safari njema.” Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Jumatatu, tarehe 17

Godoro limegoma kutoka. Nimeendesha hadi kazini kifua kikigusa usukani, shavu kwenye kioo. Pancha kaniona naingia getini. Hakucheka. Kavua kofia, kama mtu aliyeona jeneza.

Na pale getini, nani? Afisa wa kodi, sauti ile ile ya simu, na faili lake! Eti picha ilimtia mashaka. Kwenye picha kuna mkono.

Nikajua nimekwisha. Lakini alipolichungulia lori alicheka mpaka akashika tairi asianguke. Kisha akauliza, mzee wangu, ukiwa safarini unalala wapi kwa kweli? Nikainua pembe ya godoro, nikamwonyesha kile kitanda chembamba nyuma ya viti, na kigodoro cha sponji nilichonunua mwaka jana. Akasema hicho ndicho. Na buti? Na tochi? Na glavu, na chakula cha njiani? Risiti zipo?

Zipo. Zimo kwenye kopo la rangi chini ya kiti, kwa sababu huwa nasahau kuzitupa.

Akakaa kwenye ngazi ya lori, tukazipanga moja moja magotini kwake. “Futa godoro la mama, andika haya,” akasema. Kaonya kwamba uongo mmoja ungelifuta dai lote. Huku nyuma Pancha kaleta spana bila kuombwa, kafungua kiti cha abiria, godoro likatoka. Alichafua viatu vyake. Nikamwambia viatu vizuri.

Ijumaa, tarehe 28

Wamekubali! Nimerudishiwa! Na nimempita Pancha, kidogo, lakini nimempita! Nilimwambia mara tatu. Kanipongeza kwa moyo safi, jambo lililonipunguzia raha.

Mama watoto kacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya honi. Godoro limerudi mahali pake, na mimi pia. Kaniambia nimshukuru yule binti wa kodi, nisimsumbue tena maishani.

Jumamosi, tarehe 29

Nimemwelewa afisa kabisa. Kitu kiwe cha kazi, kitumike kazini, risiti iwepo. Basi.

Sasa, tajiri wetu, mwenye malori, anataka tuondoke saa kumi alfajiri. Nani ataniamsha? Leo nimenunua jogoo. Mwekundu, kifua mbele, sauti ya king'ora. Fomu ya mwakani nimeshaianza: saa ya kuamkia kazini, moja.

Mama watoto kauliza, na hawa kuku majike sita?

Vipuri.