Sekunde Thelathini za Mzee Onodera

Jongeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio! Tueni ndoo, egemezeni mafagio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa kuwa nataka kuwahadithia jambo kuu lililotukia katika mtaa wetu wa Kamiyachi, huku kaskazini ambako theluji hulala hadi mwezi wa Machi, siku ile Onodera Kinzo, mpeleka barua mstaafu, simba wa miaka sabini na mmoja, mwenye magoti mawili na yote mabovu, alipokutana uso kwa uso na Sanduku. Niliyaona kwa macho yangu. Nilikuwa ng'ambo ya njia na beleshi mkononi, nikijidai kuondoa theluji.

Sanduku hilo la kuuzia vinywaji lilisimama mbele ya duka la mchele lililokwisha kufungwa, jeupe, refu kuliko mtu, tumbo limejaa makopo: ya moto juu ya vibandiko vyekundu, ya baridi juu ya vibandiko vya buluu. Halikulala, halikuugua, wala halikuchukua likizo ya mwaka mpya. Kifuani lilivaa kioo chenye tarakimu nne. Kila anunuapo mtu, tarakimu huzunguka, na zikisimama zote kwenye saba, Sanduku hutoa kopo la pili bure. Ndivyo lilivyoahidi, na kwa ahadi hiyo Mzee Onodera alilihudhuria miaka kumi na mmoja, kila asubuhi baada ya mazoezi ya viungo ya redioni, akanunua kahawa yake, akakaza macho, akaona saba, saba, saba, na ya nne ikawa sita. Au nane. Siku moja ilikuwa sifuri, na siku hiyo chakula cha mchana hakikupita kooni.

Na chanzo cha vita ni mkewe, Bi Sumie, malkia wa nyumba, mwenye ulimi usiojua kutu. Mwaka ule wa kwanza alimwambia, "Baba, hizo namba zimewekwa kuwavuta wajinga. Siku hilo sanduku lako likikupa bure, niletee, nitakunywa. Kabla ya hapo, hata tone silitaki. Chai ninayo." Neno lake hakulivunja, hata katika joto la Agosti. Lakini Mzee alimwona, kila wapitapo pale, akilitupia jicho kopo la supu tamu ya maharage mekundu, ile ya moto aliyoipenda tangu usichana wake. Basi akaapa moyoni kwamba supu ile mkewe atainywa, tena ya bure, na kwa ajili ya kiapo hicho mtaa mzima ulimcheka, nami nikiwa wa kwanza.

Kisha likaja tangazo, limebandikwa kwa unyenyekevu mwingi: wanunuzi wamepungua, Sanduku litaondolewa tarehe ishirini Februari, saa tatu asubuhi, na wahusika wanaomba radhi kutoka mvunguni mwa moyo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, lakini sasa jiwe lilikuwa linachukuliwa na gari.

Asubuhi ya siku hiyo theluji ilifika magotini. Shujaa akavaa jozi mbili za soksi, akavaa kofia ya sufu, akavaa glavu nene kuliko godoro, na mlangoni akageuka akanena, "Mke wangu, leo nitarudi na ushindi au sirudi kabisa."

"Ukirudi pitia dukani ulete tofu ya kupika," akajibu Bi Sumie, aliyekuwa amejifunika mfarishi kwenye meza yao fupi yenye moto chini yake. "Na usilie mbele za watu."

Alipofika, gari lilikwisha tangulia. Fundi Hirayama, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameshika spana, na alipomwona Mzee akavua kofia akainama. "Samahani sana, mzee, nimewahi mno. Nunua kwanza, mimi sina haraka." Mzee akainama. Fundi akainama zaidi. Hapo akatokea Bi Kudo Tatsue, jirani yetu mjane, na mkongojo wake, aliyekuja kuliaga Sanduku, ikabidi wote wainame upya.

Ndipo Mzee akaingiza sarafu, akabonyeza kahawa, ikaanguka, akaitia mfukoni bila kuiangalia. Tarakimu zikazunguka. Saba. Saba. Saba. Beleshi langu likasimama hewani. Saba!

Sanduku likapiga muziki ambao hakuna aliyewahi kuusikia Kamiyachi, na sauti ya kike ikatoka ndani: "Hongera! Chagua kinywaji kimoja zaidi katika sekunde thelathini."

Sasa jueni, enyi wasikilizaji, kwetu bahati haiguswi mbele ya jirani kabla hajakaribishwa. Na baya zaidi, juzi yake Bi Tatsue alikuwa amewaletea kina Onodera bakuli la figili za kuchachusha, na bakuli lile bado lilikuwa kwao, kwa maana bakuli la jirani halirudi tupu, na walikuwa hawajapata cha kutia ndani yake. Upande mmoja kiapo cha miaka kumi na mmoja, upande mwingine bakuli la figili. Nilimwona shujaa akipasuka katikati.

"Bi Tatsue," akasema, uso umemwiva, "tafadhali, chagua wewe."

"Mimi? Wee! Bahati yako hiyo, mzee."

"Figili zako tumezila hadi tukalamba bakuli."

"Zile? Zilikuwa chachu, hata paka wangu alizikimbia."

"Zilikuwa tamu sana. Tafadhali."

"Siwezi, siwezi. Tena ni aibu."

"Samahani kuwaingilia," akasema Fundi, "zimebaki kumi na tisa."

"Basi apewe Fundi!" akasema Bi Tatsue. "Ametoka mbali na baridi hii."

"Mimi? Haiwezekani, mama, kampuni hairuhusu. Kumi na nne."

Wakainamiana watatu, mvi kwa mvi, na hakuna jeshi lililowahi kurudi nyuma kwa adabu kama ile. Mimi uvumilivu ulinishinda, nikapaza sauti kutoka ng'ambo, "Bonyezeni, jamani! Mtabonyeza kaburini?"

"Kwani ulikuwa unamtakia nani?" akauliza Bi Tatsue, akimgeukia Mzee.

"Sumie," akasema Mzee. "Alisema likinipa bure, atakunywa."

"Yaani miaka yote hii ni kwa ajili ya Sumie? Na wewe unaniletea habari za figili? Bonyeza, mwanamume! Bakuli nitalifuata mwenyewe!"

"Nne," akasema Fundi. "Tatu."

Shujaa akanyanyua mkono, akauelekeza kwenye kibandiko chekundu cha supu ya maharage, na katika nukta hiyo goti la kushoto likamsaliti. Glavu ikateleza. Ikatua kwenye kitufe cha safu ya chini. Kopo likaanguka kwa kishindo, naye akaliokota: soda ya tikiti, ya kijani, baridi kama barafu.

Kisha Fundi akatoa ufunguo. "Mzee, naweza kulifungua nikakubadilishia. Hakuna atakayejua."

Mzee Onodera akalikumbatia kopo lile kifuani. "Ahsante, Fundi. Lakini hapo utakuwa umenipa wewe. Hili, Sanduku limenipa lenyewe." Haya ndiyo maneno yake, nami nayaweka kama yalivyo, maana tangu hapo sijamcheka tena.

Fundi akachomoa waya. Taa ikazimika. Mzee akavua kofia, akainama mpaka theluji ikamwingia shingoni.

Yaliyotukia ndani ya nyumba nimeyapata kwa Bi Sumie mwenyewe, ambaye huyasimulia mtaa mzima, na kila asimuliapo sekunde hupungua. Siku hizi zimebaki tano.

"Tofu iko wapi?" ndilo neno lake la kwanza.

Mzee akaweka kopo mezani kwa mikono miwili. "Bure," akasema.

"Limekupa?"

"Saba nne. Muulize Bi Tatsue."

Akaligusa. "La baridi hili."

"Glavu," akasema Mzee.

Bi Sumie akalifungua, akalinywa, Februari ile, mfarishi mpaka kidevuni, meno yakigongana, machozi yakimtoka na yeye akisingizia mapovu. Hakubakiza tone.

"Vipi?" akauliza Mzee.

"Baya. Kama dawa ya kikohozi ya watoto." Akajifuta mdomo. "Ulikuwa unataka kuniletea yale maharage, eh?"

"Ulijua?"

"Miaka kumi na mmoja unanunua kahawa huku unayatazama yale maharage, nisijue?" Akaliweka kopo mezani. "Na kesho asubuhi utakwenda wapi, baba? Sanduku halipo."

Hilo Mzee hakuwa amelifikiria.

Basi andikeni, enyi mtunzao tarehe: mwaka ule, saa tatu kasoro dakika nne, Sanduku la Kamiyachi lilitoa, na Onodera Kinzo akapokea. Kopo lipo hadi leo, limeoshwa, limewekwa kando ya picha ya marehemu baba yake, mahali pa heshima. Bakuli lilirudi kwa Bi Tatsue likiwa na ile kahawa ndani, maana Mzee alikuwa ameisahau mfukoni. Na tofu walikwenda kuinunua kesho yake asubuhi, baada ya mazoezi ya redioni, wote wawili.