Mjukuu wa Mchimba Kisima

Mtaa wenyewe ulikuwa haujaamua kama ni mji au shamba. Lami iliishia mbele ya duka la saruji, na kuanzia hapo barabara ilikuwa ya ng'ombe. Waliohamia juzi walijenga kuta ndefu, kisha wakalalamika kwamba jogoo wa jirani anawakatisha usingizi. Katikati ya yote palikuwa na kiwanja kitupu chenye kisima, kilichochimbwa na mzee wa kwanza kuhamia huko enzi ambazo majirani walikuwa fisi.

Sukariguru alipokiona kiwanja hicho alimeza mate. Huyu bwana, msimchukulie poa, aliwahi kumpangisha mtu chumba ndani ya nyumba ya mtu huyo huyo.

"Mimi ni mjukuu wa mchimba kisima," akamwambia mwenye duka la saruji, mgeni wa mtaa asiye mgeni wa tamaa. "Nauza urithi wangu. Roho inaniuma, kaka, we acha tu!"

Mwenye duka alishaanza kuona matangi na foleni ya wanunuzi wa maji. "Niletee shahidi mmoja. Hela hii hapa mfukoni."

Wakamwendea Bibi Maziwa, aliyekuwa akikamua ng'ombe mtaani kabla lami haijazaliwa. Sukariguru alijiandaa kudanganya mpaka jua lizame. Wapi! Bibi alimtazama mara moja tu, akaweka ndoo chini, akamkumbatia.

"Jamani, damu ya mzee! Pua ile ile!"

Sukariguru mwenyewe machozi yakamlengalenga. Alikaribia kuuamini uongo wake mwenyewe.

"Umekuja wakati wake, baba," Bibi akaendelea. "Huku kwetu kisima husafishwa na ukoo wa aliyekichimba. Sasa kimejaa tope, ng'ombe wangu wanahangaika na kiu."

"Bibi, shikamoo, lakini nimevaa shati jeupe."

"Marahaba. Livue."

Sukariguru akamgeukia mwenye duka. Mkono wa mwenye duka ulikuwa umetoka mfukoni mtupu. "Mjukuu gani anaogopa kisima cha babu yake?" mwenye duka akauliza.

Hapo hakuna namna. Sukariguru akateremshwa kwa kamba. Majirani wakaja na viti vyao, wakamsifia kila ndoo ya tope iliyopanda, na kila alipopumzika kidogo huko chini aliulizwa kama babu yake naye alikuwa mvivu. Jioni maji yakatoka meupe. Sukariguru akatoka mweusi tii, mkono mbele.

"Haya, kaka, hela yangu."

"Bibi," mwenye duka akauliza, "unathibitisha ni mjukuu?"

"Mjukuu wa nani? Mchimba kisima ni babu yangu mimi, na kiwanja ni changu. Muulize yeyote hapa."

Viti vikatikisika kwa kicheko. Mwenye duka akaondoka bila kuaga.

"Na pua?" Sukariguru akauliza kinyonge.

"Pua yako siijui, mwanangu. Zamu ya kusafisha ilikuwa yangu, nikakosa mgongo." Bibi akampa kikombe cha maziwa na shati lake, limekunjwa vizuri. "Mwakani usichelewe."