Injinia Musila Apewa Ndama

Tangazo kwa umma. Serikali, kwa moyo wake mkunjufu, inawaita vijana wote shupavu wa Kitengela na viunga vyake waje wafundishwe kulinda kompyuta za taifa dhidi ya maadui wa ndani na wa nje. Utalipwa mshahara ukiwa bado unajifunza. Nafasi ni chache mno. Muone Injinia Musila, orofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo.

Serikali yenyewe haikuwa na habari. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye nguzo za stima na Injinia Musila kwa mikono yake mitukufu, juu ya tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi waliotoroka, na gundi ilikuwa uji wa unga.

Tumpe heshima zake. Musila hakuwahi kusomea uinjinia, lakini alijaliwa ulimi ambao ungeweza kumuuzia mfugaji wa Isinya kuku wake mwenyewe, na mfugaji akashukuru. Wazo lilimjia akiwa kwa kinyozi. Redio ilikuwa ikieleza kwamba vijana watachukuliwa kama wanagenzi katika ofisi za serikali, wajifunze usalama wa mitandao kazini huku wakilipwa. Kabla habari haijaisha, kinyozi akahamia kituo cha mpira. Musila hakulalamika. Nusu ya habari ilimtosha. Nusu ya pili angeitunga mwenyewe, na nusu za kutunga ndizo huwa tamu.

Mteja wa kwanza wa maana alikuwa mzee Kakuta, mfugaji wa Bisil, aliyepanda ngazi na fimbo yake mkononi na binti yake Soipan nyuma. Soipan alikuwa amesomea kompyuta chuoni, akahitimu, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuwatengenezea majirani simu zao bila malipo. Mzee alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa ameamua kwamba jambo la maana lisipopatikana upesi, binti aende Illasit akauze unga kwenye duka la shangazi yake. Soipan aliuona ule unga hata ndotoni.

"Sopa, mzee," Musila akasema. Hilo ndilo neno pekee la Kimaa alilolijua, na alilitumia kama ufunguo wa milango yote.

"Ipa," Kakuta akajibu, akaketi. "Hii kazi ya kulinda kompyuta. Kompyuta inaibiwa na nani? Si mtu anafunga tu mlango?"

"Mzee wangu, mwizi wa siku hizi haingii kwa mlango. Wewe uko na ng'ombe?"

"Hilo ni swali gani sasa?"

"Basi fikiria mwizi ako Nairobi, amelala kitandani, anakunywa chai. Na ng'ombe wako huko Bisil wanatoka bomani wenyewe, mmoja mmoja, wanamfuata. Mbwa hata habweki. Hizo kompyuta za serikali ndizo ng'ombe. Huyu Soipan ndiye atakuwa morani wao. Na atalipwa akiwa bado anafundishwa kushika mkuki."

Kakuta aliisimamisha fimbo katikati ya magoti, akaitikia kwa kichwa. Soipan alikuwa amejaribu kumweleza baba yake jambo hilo hilo tangu amalize chuo, kwa michoro na kwa machozi, bila mafanikio. Alimtazama Musila jinsi mtu anavyomtazama mwizi aliyepanda juu ya nyumba kuiba mabati, kisha akaziba mahali palipokuwa panavuja.

"Na ada?" Soipan akauliza. "Kama serikali inamlipa mwanagenzi, mwanagenzi naye anamlipa nani?"

"Unaona? Hii ndiyo akili inatakikana," Musila akasema, akipangusa kipaji cha uso.

Hapa ndipo Injinia alipojikwaa. Ada huacha alama; ujumbe mmoja wa malipo ya simu ulikuwa nusura umfikishe kortini kule Machakos. Kwa hiyo akaweka mkono kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa.

"Mimi sichukui pesa, mzee. Pesa ni hongo. Lakini zawadi kati ya marafiki, hata kama ni ndama mmoja tu, nani atakushtaki kwa zawadi?"

"Unataka tuwe marafiki wa ndama?"

"Kabisa."

"Umefikiria?"

"Mzee, mimi nilizaliwa nikifikiria."

Basi akaitwa Bisil, akakabidhiwa ndama jike mwekundu mbele ya ndugu na majirani, akanyweshwa maziwa, akatemewa mate ya baraka. Na huko kwa Wamaasai ukipewa ndama kwa moyo mweupe, jina lako la zamani limekwisha. Aliyetoa na aliyepokea huitana Paashe, na Paashe akikuomba kitu, humnyimi. Musila alielezwa haya yote, akatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Alidhani ni jina la utani.

Siku ya mnada alimburuta ndama hadi sokoni pale pale Bisil. Mnunuzi wa kwanza aliinua sikio la ndama, akaona alama.

"Huyu ni wa Kakuta. Wewe ndiye Paashe wake?"

"Ni mimi. Nauza."

Mnunuzi aliliachilia sikio kana kwamba limemchoma. "Mama yako ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekufa kwenu?"

"Hapana, tuko wazima."

"Basi rudisha ndama nyumbani, ndugu yangu. Hivyo ni vitu gani unafanya?"

Wengine nao wakauliza hivyo hivyo. Mmoja alimnunulia chai kwa heshima ya Kakuta. Ndama hakununuliwa na mtu. Jioni Musila alirudi Kitengela nyuma ya pikapu, ameikumbatia mali yake, akamfunga ndama kwenye kiegesho cha magari.

"Injinia," akaita Muthoki, mwenye nyumba, "kwa hii ploti tulikubaliana hakuna mbwa."

"Mama, huyu si mbwa."

"Ndiyo maana bado uko na nyumba."

Kuanzia hapo simu ililia kila alfajiri. "Paashe, ndama ameamkaje?" Musila alinunua nyasi kwa bei ya mkate, akajibu kwamba ameamka salama. Hatimaye simu ikaja na ujumbe mwingine: Kakuta anataka kwenda Kajiado kuwasalimu wakubwa wa rafiki yake huko serikalini, maana rafiki wa rafiki hasalimiwi kwa simu. Musila akafunga begi atoroke. Alipofungua mlango, mzee alikuwa tayari ameinama anamkagua ndama meno, na Soipan amesimama kando amevaa nguo zilizopigwa pasi.

Mzee akampa Musila kibuyu cha maziwa akibebe, kwa kuwa ndiye mwenyeji.

Kajiado, Injinia alitafuta kwa macho jengo lenye mlango wa nyuma.

"Si ni hapa?" Soipan akauliza, akionyesha ofisi moja ya serikali iliyokuwa na vijana wamepanga foleni.

"Hapa hapa," Musila akasema, kwa shukrani.

Soipan akaenda mezani, akataja jina lake, akaambiwa mahojiano yake yanafuata. Mdomo wa Musila ukabaki wazi.

"Hizi nafasi ziko kweli, Injinia," Soipan akamnong'oneza. "Ni za bure. Niliomba kwa simu siku ile ile tulitoka kwako. Nilikuwa nimekosa tu mtu wa kumwambia baba akaelewa."

Akaingia. Mlango ulibaki nusu wazi, na wanaume wawili wakaketi kwenye benchi la nje, wakisikia kila kitu.

"Tueleze ulaghai uliowahi kuutambua mwenyewe," akasema afisa wa mafunzo, mama aliyeitwa Nasike.

Soipan akaeleza: nafasi chache, haraka nyingi, jina la serikali, na zawadi badala ya ada ili kusibaki alama. "Ni mtu mjanja sana," akamalizia.

"Hadithi nzuri. Lakini kila mtu leo amekuja na hadithi. Uko na ushahidi?"

"Nimekuja naye. Ako hapo nje, amebeba kibuyu."

Kakuta aligeuka polepole. Lango la barabarani lilikuwa wazi na askari alikuwa anasoma gazeti.

"Paashe, ulikuwa unaniibia?"

Musila alikuwa na majibu kadhaa, yote ya kupendeza. Mzee alikuwa anamtazama tu, wala hakuinua fimbo.

"Nilikuwa nakuibia, mzee."

"Hiyo haiwezekani. Mtu haibi kitu amepewa." Kakuta akafikiri. "Lakini mimi pia sijakuomba kitu. Sasa naomba. Ingia uambie huyo mama vile ulifanya, binti yangu asionekane mwongo. Na usiongeze chumvi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Paashe."

Musila akaingia, akaweka maziwa mezani. Nasike akachukua kalamu.

"Jina?"

"Injinia..." Kule nje mtu akakohoa. "Musila. Musila tu. Na yote huyu msichana amesema ni kweli, isipokuwa pale amesema mimi ni mjanja."